Kula na kunywa njiani, Dar es Salaam hadi Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya anayesafiri kwa gari lake barabara ya pwani, kutoka Dar es Salaam kupitia Bagamoyo, Tanga na Mombasa mpaka Malindi, na anataka kula kilichovuliwa siku hiyo, kunywa tembo la mnazi mahali linapogemwa, na pengine kufungua chupa ya mvinyo jioni. Jambo moja litajirudia: chakula cha pwani kina saa zake. Anayefika kwa wakati hula vizuri kwa pesa kidogo, na aliyechelewa hula mabaki kwa bei ileile.

Njia ni ndefu kiasi gani, na niitengee siku ngapi?

Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 65. Bagamoyo hadi Msata ni 64, na hapo unaingia barabara kuu itokayo Chalinze. Msata hadi Segera ni kama 130, Segera hadi Tanga mjini kama 75 kupitia Muheza. Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kama 65, kisha Lunga Lunga hadi Mombasa ni kilomita mia na kitu, na Mombasa hadi Malindi ni 120. Jumla kama kilomita 620.

Kwa mwendo wa basi, hiyo ni safari ya siku mbili. Kwa anayetaka kula, tenga siku saba: usiku mmoja Bagamoyo, miwili Tanga (siku moja kati ya hizo ni ya kwenda Pangani na kurudi, kama kilomita 50 kila upande), miwili Mombasa, na miwili Watamu au Malindi. Ukikata siku, kata Bagamoyo, kwa sababu ni karibu na Dar na unaweza kwenda wikiendi yoyote. Tanga usiikate. Wengi huipita mbio kuiwahi Mombasa, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika njia hii.

Msimu gani ni mzuri kwa samaki?

Kaskazi, yaani Desemba hadi Machi. Bahari imetulia, ngalawa na mashua zinafika mbali, na nguru, jodari na kolekole wanapatikana. Ndio msimu wa maembe pia: dodo na boribo upande wa Tanzania, ngowe upande wa Kenya. Kuanzia Aprili masika hunyesha na kusi huanza kuvuma. Mwezi wa sita na wa saba bahari inachafuka, wavuvi wadogo hawatoki nje ya mwamba, samaki wanaadimika na bei inapanda. Haina maana kwamba usisafiri wakati wa kusi. Ina maana utakula zaidi samaki wa ndani ya mwamba, kama changu na tasi (Mombasa wanamwita tafi), na hao nao ni watamu sana wakichomwa.

Mbona watu wa pwani huuliza mwezi uko wapi kabla ya kuagiza pweza?

Kwa sababu mwezi ndio ratiba ya maji. Mwezi ukiwa mpya au mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti ya mita tatu na nusu hivi au zaidi. Pwani hii, siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi. Mwamba unabaki wazi, na watu wanatembea juu yake na kijiti chenye ncha ya chuma wakitafuta mashimo ya pweza. Kwa hiyo pweza wa leo hufika dikoni, pale wavuvi wanaposhushia, kuanzia adhuhuri. Ukimtaka saa 3 asubuhi, unayeuziwa ni wa jana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mwamba haukauki vizuri na pweza huwa wachache.

Dagaa ni kinyume chake. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haiwavuti tena. Usiku wa mwezi mpevu usitegemee dagaa wabichi asubuhi yake.

Siku zako zikiruhusu, panga kufika Tanga, au Shimoni upande wa Kenya, siku mbili tatu baada ya mwezi mpya. Utapata vyote viwili.

Nitamjuaje samaki aliye freshi sokoni?

Anza na matamvua. Funua kwa kidole: yawe mekundu ya damu na yenye ute mwepesi, yasiwe ya kahawia wala kunata. Jicho liwe limetuna na ni angavu; likizama na kuwa na ukungu, ni samaki wa siku nyingi. Bonyeza mgongoni, pasibaki shimo. Tumbo lisiwe laini wala limepasuka. Harufu iwe ya bahari, kama mwani. Ukinusa kitu kama amonia, hasa kwa papa na samaki aitwaye taa, achana naye.

Muuzaji mzoefu humwagia samaki maji ili ang'ae. Kung'aa kwa ngozi kusikudanganye, maana matamvua hayaongopi.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui. Jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakikaa juani kwa saa chache, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kugandishwa. Nyama inaweza kuwasha ulimi kama pilipili wakati hakuna pilipili. Dakika chache baadaye uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, wengine wanaharisha. Watu husema "nina mzio wa samaki", kumbe samaki alikosa barafu. Samaki wa jamii hii mnunue aliyelala kwenye barafu tu, au aliyeteremshwa chomboni mbele ya macho yako.

Na viumbe viwili usile hata ukikaribishwa kwa heshima zote: bunju, kwa sumu yake, na kasa. Kasa analindwa kisheria Tanzania na Kenya, na nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024 huko Pemba nyama hiyo iliua watu tisa, wanane kati yao watoto.

Ninunue wapi, na nani anipikie?

Dar, soko la Feri pale Magogoni, mapema, kabla ya saa 2 asubuhi. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada, wadogo kwa fungu. Asiyezoea mnada asimame pembeni anunue kwa wachuuzi walioshinda, kwa ongezeko dogo, na ampe kijana wa kuparua ujira wake. Hapohapo kuna wanaokaanga.

Tanga, diko la Deep Sea. Bagamoyo, soko la samaki lililo ufukweni pale mji mkongwe, ambapo mashua zikishusha mchana, samaki wa kukaanga wanakuwa tayari muda huohuo. Upande wa Kenya, Shimoni na kisiwa cha Wasini wanajulikana kwa kaa, na Watamu kuna Dabaso, kwenye hori la Mida, ambako kikundi cha wanakijiji hufuga kaa na kuuza sambusa za kaa juu ya ulingo wa mbao katikati ya mikoko. Nenda maji yakiwa yamejaa na jua linashuka.

Nyumba nyingi za wageni pwani humpikia mgeni samaki aliyemnunua mwenyewe. Uliza asubuhi, usiulize usiku. Sema, "Mama, shikamoo, naomba unisaidie kupika samaki wangu jioni, nikulipe makaa na kazi," na mkubaliane bei palepale. Mpe pesa ya nazi mapema, kwa sababu nazi nzuri haipatikani saa 1 usiku.

Kaa na kamba mawe je? Naogopa kulipia magamba.

Mpime kwa mkono. Kati ya kaa wawili wa ukubwa mmoja, chukua aliye mzito. Kaa aliyejivua gamba karibuni ni mwepesi na amejaa maji. Ukibonyeza gamba la chini karibu na miguu, linabonyea. Huyo utamlipia kwa kilo na kula vijiko viwili. Jike lina kifuniko kipana chini ya tumbo, na akiwa na mayai mwombe muuzaji amrudishe majini. Wavuvi wengi wanajua umuhimu wake, ila wanunuzi ndio wanaowang'ang'aniza.

Kamba mawe, au kambakoche kwa watu wa Dar, awe hai au awe na mkia unaojikunja ukiunyoosha. Mkia uliolegea kama kitambaa ni wa aliyekufa zamani.

Nisikose chakula gani, na saa ngapi?

Asubuhi, Mombasa, ni mahamri na mbaazi za nazi. Hamri lililo sawa lina iliki na tui, limetuna na ndani ni tupu, ili ulipasue na kujaza mbaazi. Baada ya saa 3 au 4 yaliyobaki yamepoa na kuwa kama ngozi. Tanga na Bagamoyo tafuta vitumbua: viwe vya mchele uliolowekwa na kusagwa, ukingoni vikavu, katikati laini. Kitumbua cha unga mtupu wa ngano utakijua kwa kuwa kinavutika kama mpira.

Mchana ni wali wa nazi na samaki, au biriani siku ya Ijumaa, siku ambayo majiko mengi ya Mji wa Kale wa Mombasa hupika sufuria kubwa. Biriani ya kweli mchuzi wake hupikwa mbali na wali wake. Pilau hupikwa pamoja. Ukiletewa wali wenye rangi na nyama juu yake isiyo na vitunguu vilivyokaangwa, umeletewa kitu cha tatu.

Alasiri mpaka magharibi ndio wakati wa barabarani: viazi karai, bhajia na chatne ya nazi au ukwaju, mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa ikatiwa pilipili, chumvi na ndimu. Mombasa mihogo hii huliwa kando ya bahari pale Mama Ngina, pamoja na dafu. Magharibi ikiingia, harufu ya jiko la makaa inakolea kwa wauza pweza: sufuria iko motoni, pweza anakatwakatwa kwenye ubao, vipande vinachomwa kijiti kimoja kimoja na kuchovywa pilipili, na supu inatiwa kikombe kidogo na kukamuliwa ndimu. Kunywa ukiwa umesimama, kwa sababu ikipoa inashika harufu.

Usiku, kahawa chungu. Muuzaji hubeba dele la shaba lenye makaa chini yake na kugonganisha vikombe mkononi ili ajulikane yuko wapi. Kahawa haina sukari, na utamu unatoka kwenye kashata au tende unayotafuna. Usimwombe sukari.

Njiani, Muheza ni machungwa. Nunua yenye ngozi nyembamba na mazito mkononi, hata kama yana rangi ya kijani. Chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani, na anayechagua la njano tu anaacha matamu zaidi.

Samaki wa kupaka ninaweza kumpika mwenyewe ufukweni?

Unaweza, ukiwa na wavu wa kuchomea, sufuria ndogo na makaa ya kutosha. Kwa watu watatu: changu au kolekole mzima wa kilo moja na nusu, nazi mbili zilizokomaa, kitunguu saumu punje 6, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi 2, ndimu 2, manjano nusu kijiko cha chai, ukwaju uliolowekwa vijiko vikubwa 2, na chumvi.

Mchanje mara tatu kila upande mpaka mfupa. Twanga saumu, tangawizi, pilipili moja na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, changanya na ndimu moja, mpake mpaka ndani ya michanjo. Mwache nusu saa, asizidi, kwa sababu ndimu huanza kuipika nyama na inakuwa kama unga.

Zikune nazi, kamua tui zito kama kikombe kimoja na nusu bila kuongeza maji mengi. Libandike kwenye moto mdogo pamoja na manjano, pilipili iliyobaki na chumvi kidogo. Koroga bila kuacha mpaka lichemke taratibu na kuwa zito kama uji wa mgonjwa, dakika 15 hadi 20. Ukwaju unatiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeepuliwa.

Mchome samaki kwanza peke yake, dakika 8 hadi 10 kila upande juu ya makaa yaliyoshika jivu. Ndipo umpake tui, umgeuze, umpake tena, mara tatu au nne, mpaka tui likauke na kushika madoa ya kahawia.

Yanayoharibika ni matatu. La kwanza, tui kukatika na kutoa mafuta: moto ulikuwa mkali, ulifunika sufuria, au ulitia ukwaju mapema. La pili, samaki kung'ang'ania wavu: wavu haukupata moto kabla, au ulimgeuza akiwa hajajiachia. Paka wavu mafuta, mwache, na akikataa kutoka mpe dakika mbili zaidi. La tatu, ladha ya moshi mchungu: ulipaka tui juu ya moto mkali, likadondokea makaa na kuungua. Wakati wa kupaka, makaa yawe yamefifia.

Tembo la mnazi ni nini hasa?

Ni utomvu wa karara la mnazi, yaani ala inayofunika maua yake. Mgema hupanda mnazi, hufunga karara ambalo halijafunguka kwa ukili ili lisipasuke, hulikata ncha kwa kotama, kisu chake, na kuning'iniza kibuyu chini yake. Kila asubuhi na jioni hupanda tena, huteremsha kilichochuruzika, na kukata kipande chembamba sana ili jeraha lisifunge. Kipande kikiwa kinene karara huisha upesi. Asipokata kabisa, utomvu hukoma. Karara linalogemwa halizai nazi, ndiyo maana mgema humlipa mwenye mnazi.

Utomvu unapotoka ni mtamu kama maji ya sukari na hauna kilevi. Lakini kibuyu hakioshwi kwa sabuni, na masalia ya jana ndani yake ndiyo hamira. Kuchachuka huanza palepale juu ya mnazi. Ndani ya saa chache kilevi hufika kama asilimia 4, kama bia, na hupanda kidogo kadiri saa zinavyokwenda. Kesho yake bakteria wa siki wanashika zamu, na baada ya siku mbili una siki, nzuri kwa achari. Wapishi wa zamani walitumia tembo badala ya hamira ya dukani kuumulia vitumbua na mkate wa kumimina, na anayepata kitumbua cha namna hiyo leo ana bahati.

Kwa hiyo neno "tembo" peke yake halitoshi. Uliza, "Hili la lini?" La asubuhi hii ni tamu na jepesi, linamfaa anayeonja mara ya kwanza. La jana jioni ni kali, chachu, na linapanda kichwani kabla hujajua.

Nitajuaje kama limetiwa maji?

Methali ya mgema na sifa inajulikana na kila mtoto, na imetoka kwenye kazi halisi. Tembo zima ni jeupe la maziwa mepesi, lina povu dogo linalopanda lenyewe, na linanukia kama donge la mkate. Lililotiwa maji linapitisha mwanga, povu lake hufa haraka, na utamu wake unakatika ulimini. Wengine hutia maji na sukari. Hilo linaacha utamu mzito nyuma bila uchachu wowote. Wadudu wachache juu yake si kosa, nyuki hufuata kibuyu mtini. Tembo hunywewa kwa mrija wenye kichujio, au huchujwa kabla ya kumiminwa.

Hofu ya kweli ni maji yenyewe, kwa sababu hujui yametoka kisima gani. Nunua kwa mgema akiwa ndio kwanza ameshuka, au mahali wenyeji wanapokunywa. Pwani ya Kenya, hasa Kilifi, sehemu hizo huitwa mangwe, na wenyeji wataijua ya mgema mwaminifu.

Naweza kulibeba kwenye gari?

Kwa saa mbili, ndiyo, kwenye dumu lililojazwa robo tatu na kifuniko kilicholegezwa. Ukilifunga kabisa, gesi inajikusanya, dumu linavimba kama puto, na ukilifungua nusu yake inaruka hadi darini. Chupa ya kioo inaweza kupasuka kabisa, usijaribu. Kwenye barafu uchachu unapungua kasi, lakini hausimami. Kuvuka nalo mpaka hakuna maana: likifika litakuwa kitu kingine.

Gongo na chang'aa je?

Hapana. Pombe iliyotoneshwa bila kipimo ni haramu kisheria Tanzania, na Kenya pia isiyo na leseni na kipimo ni kosa. Hatari yake ni methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa ladha wala kwa kuiwasha moto. Hatubadilishi jibu hili kwa mtu yeyote.

Na mvinyo wa zabibu? Kuna wa kwetu?

Upo, ila shamba lake haliko pwani. Zabibu za Tanzania hulimwa Dodoma, maeneo kama Hombolo na Makutupora, kwenye nyanda za mita kama 1,100 ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kilimo hicho kililetwa na wamisionari wa Kikatoliki. Kati ya aina zinazopandwa ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Nunua chupa zako Dar kabla ya kuondoka, kwa sababu njiani mpaka Tanga chaguo ni dogo.

Chakula chenye nazi, ukwaju na pilipili kinataka mvinyo mweupe wenye ukali wa limau na utamu kidogo, na Chenin Blanc ya Dodoma inakaa hapo vizuri sana. Mwekundu mkavu na mzito ukikutana na pilipili mdomo unawaka zaidi, kwa sababu ya ule ukakasi wa maganda ya zabibu na kilevi chenyewe. Mwekundu uweke kwa mishikaki au nyama choma ya Mtwapa, na uupoze kidogo, dakika 20 kwenye barafu. Joto la nyuzi 30 za chumbani si joto la mvinyo.

Malindi na Watamu ni habari nyingine. Waitaliano walianza kufika kwa wingi baada ya kituo cha San Marco cha kurushia setelaiti kujengwa karibu na Malindi miaka ya 1960, na leo kuna mikahawa yao, aiskrimu yao, na orodha ndefu ya mvinyo wa Italia. Kula tambi na kamba wa Malindi jioni moja, hilo nalo ni chakula cha mahali hapo sasa.

Muhimu kuliko aina ya mvinyo ni mahali unapouweka. Gari lililofungwa juani linapita nyuzi 50. Ndani ya alasiri moja kizibo kinasukumwa nje na mvinyo unaonja kama zabibu kavu zilizochemshwa. Chupa zilale ndani ya deli la barafu, zikiwa zimefungwa kitambaa kibichi, na za kifuniko cha kuzungusha ni salama zaidi kuliko za kizibo.

Deli la barafu nilipange vipi?

Barafu kilo kwa kilo ya samaki. Chini tandika barafu, samaki aliyetolewa matumbo ndani ya mfuko mzito, barafu juu yake, na mdomo wa kumwagia maji uwe wazi kidogo ili samaki asilowe. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka huharibika haraka. Vinywaji viwe na deli lao, kwa sababu ndilo linalofunguliwa kila mara. Kivuko cha Likoni, cha kuingilia Mombasa, kinaweza kukuweka juani foleni ndefu. Barabara ya Dongo Kundu inakuzungusha bila kivuko, na ukiwa na samaki ndani, hiyo ndiyo njia.

Mpakani Horohoro na Lunga Lunga wanataka nini?

Pasipoti au hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lako, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Kwa pombe, kanuni ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mtu mzima kuvuka bila ushuru na lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo korosho na machungwa yawe kwenye kikapu.

Dereva anaweza kuonja kidogo?

Dereva asinywe. Kiwango cha sheria katika nchi zote mbili ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini tembo halina kipimo chupani, na la jana linaweza kuwa mara mbili ya la leo. Panga siku za kunywa ziwe siku za kulala hapohapo. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na upande wa Tanzania tochi za polisi za kupimia mwendo ziko nyingi kati ya Msata na Segera.

Safari ikiangukia Ramadhani?

Mchana mikahawa mingi ya pwani hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kukosa adabu. Beba chakula chako, kula ndani ya nyumba. Ila ikifika magharibi, hakuna wakati mzuri zaidi wa kula pwani: muhogo wa nazi, ndizi mbivu za tui, kaimati, tambi za sukari, uji wa pilipili manga, vyote vinatolewa barabarani nusu saa kabla ya adhana. Nunua mapema, maana dakika kumi kabla foleni ni ndefu na kila mtu ana haraka ya haki. Pombe usiilete mezani kwa watu wala usiulizie mjini. Mwaka mzima, miji kama Lamu inataka heshima hiyohiyo.

Nisiyekula nyama wala samaki nitapata nini?

Mbaazi za nazi, kunde, kisamvu, mchicha wa nazi, viazi karai, wali wa nazi. Uliza kama mboga imetiwa dagaa au kamba wa kusaga, kwani wapishi wengi hawahesabu hivyo kuwa samaki. Sema "sili hata dagaa", utaeleweka.

Nibebe nini kurudi nacho?

Korosho za Kilifi, lakini vunja moja mbele ya muuzaji: ivunjike kwa mlio, isipinde. Iliyopinda imeshika unyevu na itaota ukungu ndani ya wiki. Achari ya embe yenye mafuta yanayofunika vipande vyote. Viungo vya Marikiti ya Mombasa vizima, si vya kusagwa, kwa kuwa iliki iliyosagwa hupoteza harufu upesi. Na ng'onda, samaki wa kukausha, kama gari ni lako peke yako: wafunge kwa gazeti tabaka tatu, kisha ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikae mbali na nguo.